Mzunguko wa vilima vya Edale: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kila ikifika Agosti simu yangu inajaa meseji za watu wa klabu yetu ya kukimbia, hasa nyie mnaoniandikia kwa Kiswahili, mnauliza yale yale na mimi najibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma. Mwaka huu nimeamua niyaandike yote mara moja. Hizi sio sheria za klabu, sheria mmeshatumiwa kwa Kiingereza na najua wengi hamjazifungua, hapa ni mimi tu naelezea kwa lugha ya nyumbani siku yenyewe inavyokuwa. Nimeshaenda mara sita na katika hizo moja nilirudi nimeshikwa mkono kama bibi harusi, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Hivi tunaenda wapi hasa?

Edale. Ni kijiji kidogo ndani ya Peak District, katikati ya Manchester na Sheffield, kipo bondeni na vilima vimekizunguka pande zote kama bakuli, na sisi kazi yetu siku hiyo ni kukimbia juu ya mdomo wa hilo bakuli mpaka turudi tulipoanzia. Tunatoka stesheni, tunapita kijijini, tunapanda kwenye miamba inayoitwa Ringing Roger, tunafuata ukingo wa mlima Kinder Scout kuelekea mashariki, tunashuka mpaka Hope Cross, tunapanda Win Hill (mita 462), tunashuka mpaka kijiji cha Hope. Hapo ndo nusu. Afu tunapanda Lose Hill (476), Back Tor, Hollins Cross, Mam Tor (517), Lord's Seat (550), Brown Knoll (569), tunashukia Jacob's Ladder na kurudi Edale kwa njia ya bondeni.

Peak District ni hifadhi ya taifa, ya kwanza kabisa Uingereza, ilitangazwa 1951. Ila usije na picha ya Serengeti kichwani. Hamna geti wala kiingilio, watu wanaishi humo ndani, wanafuga kondoo, wana baa zao na shule zao.

Ni kilomita ngapi na inachukua muda gani?

Kama 32 hivi, na ukijumlisha kupanda kote unapata zaidi ya mita 1300. Huwa tunatumia masaa saba, mwaka wa matope mengi tulitumia nane na nusu. Najua kuna mtu hapo anapiga hesabu, "mi kilomita 32 barabarani namaliza kwa masaa matatu", mwenzangu hiyo hesabu iache nyumbani. Wapanda milima wa Uingereza wana kanuni ya tangu 1892, ya Mskoti mmoja aliyeitwa Naismith: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiifuata inakupa masaa nane na nusu na ushee kwa mtu anayetembea bila kupumzika. Sisi tunakimbia palipo tambarare na kwenye miteremko, ila tunasimama sana, ndo maana tunaishia humo humo.

Mimi sio mkimbiaji hodari, nitaweza?

Kama umeshakimbia kilomita 20 mara mbili tatu miezi hii na ukaamka kesho yake ukaenda kazini kama kawaida, utaweza. Nasema hivi kwa sababu kuna ugonjwa wa aina mbili kwenye hili kundi letu. Wa kwanza ni wa Waingereza, akisikia unatoka Afrika Mashariki anakuuliza kama unamjua Kipchoge. Wa pili ni wetu wenyewe, kuna watu wanaanza kuamini hizo sifa. Ndugu yangu, kulelewa Tanga kwenye usawa wa bahari hakukufanyi uwe mtu wa Iten, kule Kenya kwa wakimbiaji. Na hata huyo wa Iten aliyezoea hewa nyembamba ya mita 2400, huku kilele kirefu kuliko vyote Peak District ni mita 636 tu, faida yake inaishia hapo. Hapa kinachomaliza watu sio kimo, ni upepo na tope.

Na kitu kingine ambacho wageni hawakitegemei: kwenye mlima mkali hakuna anayekimbia. Hata wale wazee wa klabu wenye mapaja kama magogo wanaweka mikono juu ya magoti na kutembea. Ukiona mtu anakimbia kupanda Win Hill kutokea Hope Cross, muangalie vizuri, utampita kabla ya Mam Tor.

Mazoezi basi: wiki nane kabla, tafuta ngazi. Manchester haina vilima vya maana ila majengo ya kuegesha magari yana ngazi za kutosha, panda na kushuka dakika 40 mara moja kwa wiki. Hasa kushuka. Mapaja yanauawa na mteremko, mpando unakumaliza pumzi tu.

Je, nitawachelewesha wenzangu?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, mara nyingi kwa meseji ya faragha usiku, na ndo lililonifanya niandike haya mambo yote.

Hili sio shindano. Mbele kuna kiongozi anayejua njia, nyuma kabisa kuna mtu tunamwita mfagiaji, na hakuna anayeruhusiwa kuwa mbele ya wa kwanza wala nyuma ya wa pili. Tunakusanyika kila kwenye geti, kila njia panda, na kila kilele. Mpaka hapo vikundi vingi vinafanya hivyo hivyo, na bado vinaua watu. Nitaeleza vipi.

Wenye kasi wanafika kwenye geti, wanasubiri dakika saba, wanakunywa maji, wanakula, wanapiga selfi. Anatokea wa mwisho, uso umemvimba, anahema, na akigusa tu lile geti wote wanasema "haya twende!" Yaani waliopumzika ni wale wasiohitaji, na anayehitaji hajapata hata sekunde ya kufungua kifuko cha karanga. Rudia hivyo mara kumi na mbili kwa siku. Ikifika saa tisa alasiri yule mtu hajala, hajanywa, hajavaa koti ingawa baridi anaisikia tangu asubuhi, na anaona aibu kusema. Afu tunashangaa kaanguka.

Kwetu saa inaanza kuhesabiwa wa mwisho anapofika. Dakika tatu kamili, na mfagiaji ndo anayesema twende, kiongozi hana sauti hapo. Wenye kasi wanaopata baridi kwa kusubiri wanajua la kufanya, wavae koti au warudi nyuma kumfuata wa mwisho, wapande tena kipande, si wanasema wana nguvu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, utawachelewesha, na ndo ilivyopangwa. Mwaka juzi wa mwisho alikuwa mimi kuanzia Hope hadi mwisho, goti lilikataa, na hakuna aliyenionyesha sura mbaya.

Hiyo ardhi ya juu ikoje? Nasikia ni tope tupu

Ni nyika ya baridi, haina miti, iko wazi kabisa, upepo unapita kama kwake. Kama umeshapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ukalala Horombo, pale mita 3720, basi sura yake unaijua: vichaka vifupi, majani makavu, mawe meusi, ukungu unakuja na kuondoka unavyotaka. Hata ile mimea ni ndugu. Kile kichaka cha hapa wanachokiita heather ni wa ukoo mmoja na ile mierika ya Kilimanjaro, tofauti yake ya kwetu inakuwa miti yenye ndevu za kuvumwani na hii ya kwao inakufika gotini. Agosti inachanua zambarau vilima vizima, Septemba tunapoenda sisi imeanza kuwa kahawia ila bado inapendeza.

Chini ya hiyo mimea ni mboji. Udongo mweusi, laini, wa majani yaliyooza nusu kwa maelfu ya miaka kwa sababu yamelowa muda wote, sehemu nyingine unafika mita kadhaa kwenda chini. Ukiukanyaga unatetemeka. Kwa juu unaona kama pakavu, unaweka mguu, unazama mpaka pajani, na kiatu kinabaki huko. Nimeshaona kiatu kikitafutwa kwa mkono mpaka begani.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield, miaka na miaka, uliua ule mmea wa majimaji unaoshikilia hiyo mboji, mvua ikaanza kuichimba na kuisomba, vilima vikabaki weusi mtupu. Tangu 2003 kuna mradi wa Moors for the Future unaopanda mimea upya na kuziba mifereji ili maji yabaki juu. Kwa hiyo ukiona vibwawa vidogo vimezibwa kwa mawe au mbao usivichezee, vimewekwa makusudi. Na ukiona mawe mapana yametandikwa kama kibaraza, pita juu yake hata kama pembeni panaonekana rahisi. Mengi yalikuwa sakafu za viwanda vya nguo vya zamani, yakaletwa huko juu kwa helikopta. Unakimbia juu ya sakafu ya kiwanda! Mimi huwa nawaza pamba yetu ilipitia hapo. Ila yakilowa yanateleza kama samli, kuwa mwangalifu.

Nivae viatu gani?

Vya milimani, vyenye meno marefu chini. Vya barabarani hapana, nasema hapana, hata kama ni vipya na vya bei mbaya. Vile vya soli nene kama sponji ndo vibaya zaidi, kwenye kushuka Win Hill kifundo kinageuka. Inov-8 na Walsh ni watengenezaji wa kaskazini ya Uingereza wanaojua tope la kwao, lakini chapa yoyote sawa mradi ina meno na mguu hauchezi ndani. Usinunue Ijumaa ukavaa Jumamosi. Soksi za sufu, maana miguu italowa ndani ya nusu saa ya kwanza na utakaa nayo hivyo siku nzima, sufu ikilowa bado inatunza joto. Paka mafuta ya mgando vidoleni kuzuia malengelenge.

Septemba si bado kuna joto? Kwa nini mnasisitiza makoti?

Kaa nikusimulie. Mwaka wangu wa kwanza asubuhi ilikuwa nzuri, jua, bondeni nyuzi 17, mimi nimevaa fulana ya pamba na juu yake sweta la pamba lenye kofia. Kiongozi akaniambia hilo sweta sio, nikamwambia mimi sijambo. Mpaka Hope nilikuwa shujaa. Tulipofika Mam Tor likaja wingu, mvua nyembamba ile isiyo na sauti, na upepo. Pamba ikinywa maji hairudishi. Tulipokuwa Lord's Seat nilikuwa natetemeka, afu baadaye kidogo nikaacha kutetemeka, nikaona kama nimepata nafuu. Kumbe ndo kubaya. Nikaanza kujikwaa kwenye njia tambarare, mtu ananiuliza jina la mwanangu najibu polepole kama mlevi, nimepewa koti nakataa, nasema niacheni nipo sawa. Mfagiaji, mama mmoja wa miaka sitini, hakubishana na mimi, akanivua lile sweta kama mtoto, akanivisha fulana kavu, koti lake la akiba, kofia, akaniwekea tende mbili mdomoni. Tukashuka moja kwa moja bondeni. Hapo ndo niliposhikwa mkono.

Kwa hiyo mkimuona mwenzenu amekuwa kimya ghafla, anajikwaa, ananung'unika bila sababu, anakataa koti, msimuulize kama yuko sawa. Atasema yuko sawa. Mvisheni.

Hesabu yake ni rahisi, kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nusu nyuzi na kitu, kwa hiyo juu ni baridi kidogo tu kuliko bondeni, lakini upepo na maji mwilini ndo vinafanya kazi iliyobaki. Mwezi Machi 1964, kwenye matembezi maarufu ya Four Inns ambayo yanapita nyika hizi hizi, vijana watatu wa skauti walikufa kwa baridi, na wala hawakuwa watoto wa mjini wasiojua kutembea. Msiba ule ndo uliofanya vikosi vya uokoaji vya Peak District viunganishwe kuwa mfumo mmoja.

Nibebe nini basi?

Tunakagua mabegi stesheni na asiyekamilika anabaki na chai yake. Koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, suruali ya mvua, fulana ya ziada ndani ya mfuko wa plastiki, kofia ya sufu, glovu, filimbi, mfuko wa kujifunika wa dharura, tochi ya kichwani, simu iliyojaa chaji, maji angalau lita moja, chakula na kingine cha akiba ambacho huli mpaka urudi. Ramani na dira kila watu wawili wawili. Ramani ni ile ya Ordnance Survey namba OL1. Vyote vinaingia kwenye begi dogo la kukimbilia la lita 10 au 12, ukija na begi la shule litakupiga mgongo mpaka ulichukie. Tochi watu wanaicheka kwa sababu jua linazama saa moja na nusu jioni na sisi tunategemea kumaliza saa kumi na moja. Mtu mmoja akiteguka mguu pale Brown Knoll, hiyo saa moja na nusu inafika haraka sana.

Simu yangu ina ramani, kwa nini nihangaike na karatasi?

Kwa sababu betri kwenye baridi inakufa ghafla, kioo kikilowa hakisikii kidole, na mtandao bondeni Edale ni wa kubahatisha. Ukungu wa Kinder unaweza kushuka ndani ya dakika tano, huoni hata mtu aliye hatua kumi mbele. Ukiingia kwenye ukungu huo kanuni ni moja: kundi linafungana, kila mtu anamgusa wa mbele kwa macho, hakuna anayejifanya anajua njia ya mkato. Ukijikuta uko peke yako simama hapo hapo. Usishuke kutafuta. Piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekusikia anajibu mara tatu.

Chakula?

Kuleni mapema na mara kwa mara, kila dakika 40 kitu kidogo, usisubiri njaa. Jeli za madukani zipo ila masaa saba ya jeli tumbo linakataa, mimi nilishajuta kwenye kichaka. Vyakula vya nyumbani vinafanya kazi vizuri kuliko vyote: kashata, tende, karanga za chumvi, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati. Kuna rafiki yetu Mganda kila mwaka anakuja na rolex mbili zimefungwa kwenye foili, chapati na mayai, anakula moja Win Hill na nyingine Mam Tor, na harufu yake inawasumbua Waingereza wenye vibiskuti vyao mpaka wameanza kumuagiza. Mandazi hapana, yanakauka mdomoni. Maganda ya ndizi usitupe, huko juu kwenye baridi hayaozi haraka, unarudi nayo.

Maji na choo?

Choo kipo Edale, kingine Hope. Katikati hamna, kuna kilima. Nenda mbali na njia, mbali zaidi na maji, karatasi unairudisha kwenye mfuko, ndiyo, unairudisha. Maji ya vijito yanaonekana masafi ila kondoo wako juu yake, msinywe hivi hivi. Hope tunajaza chupa.

Muda wa swala je?

Adhuhuri inatukuta karibu na Hope, ndo maana mapumziko ya hapo ni dakika 30 na sio 15. Wanaoswali kuna uwanja wa nyasi tulivu, upepo haufiki. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki, na dira si unayo begini tayari, umeona faida yake. Chukua maji kidogo ya udhu ya ziada. Alasiri inatukuta juu, tukipata mahali palipokingwa na upepo wenye kutaka wanasimama na mfagiaji anakaa nao, hakuna wa kukuharakisha. Dada wanaovaa hijabu, wenzenu wanasema ile ya kitambaa cha michezo na juu yake kofia ya sufu inatosha, skafu ndefu inapeperuka na kukuziba macho kwenye ukingo, na kwenye ukingo macho unayahitaji.

Kuna wanyama wakali?

Hamna hata nyoka wa kukusumbua, yupo mmoja mdogo mwenye sumu ila anakukimbia. Anayenitisha mimi ni ng'ombe mwenye ndama huku bondeni, mzunguke mbali. Kuna ndege mmoja kama kwale, mnene, mwekundu mwekundu, anakaa kimya kwenye vichaka mpaka ukaribie kumkanyaga, afu anaruka na kupiga kelele, Waingereza wanasema anamwambia mtu "rudi, rudi, rudi". Mara ya kwanza nilikaa chini kwa mshtuko. Kuna pia sungura wa milimani ambao majira ya baridi wanageuka weupe, kwa England nzima wanapatikana Peak District tu.

Mwenye madhara ya kweli ni kupe. Jikague jioni nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni. Ukimkuta mtoe kwa kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Siku au wiki zijazo ukiona duara jekundu linatanuka nenda kwa daktari umwambie ulikuwa wapi.

Hivi tunaruhusiwa kweli kupita kwenye mashamba ya watu?

Tunaruhusiwa, na kuna watu waliolala jela kwa ajili hiyo. Zamani Kinder Scout ilikuwa ya matajiri wa kuwinda hao hao ndege, mtu wa kawaida akionekana huko anafukuzwa na walinzi wenye fimbo. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia, wengi wafanyakazi wa Manchester, walianzia Hayfield upande wa pili wa mlima wakapanda kwa makusudi. Aliyewaongoza aliitwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Watano walifungwa, na hukumu ile ikawaudhi watu wengi kuliko hata uvamizi wenyewe. Ilichukua muda mrefu mno, sheria ya kuruhusu watu kutembea kwa uhuru kwenye nyika za namna hii ilipitishwa mwaka 2000. Kwa hiyo pitia, ila geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, ukuta wa mawe usiupande, tafuta ngazi yake.

Nikichoka katikati naweza kuacha?

Unaweza, na sehemu nzuri ni mbili. Hope kuna stesheni, unapanda treni unarudi Edale au nyumbani kabisa, kila mwaka watu watatu wanne wanafanya nusu hiyo tu na wanafurahi. Ya pili ni Hollins Cross, kati ya Back Tor na Mam Tor, kuna njia inashuka moja kwa moja Edale, kama nusu saa. Njia hiyo ni ya zamani, watu wa Edale walikuwa wanapandisha majeneza yao hapo kwenda kuzika Castleton kabla hawajajengewa kanisa lao, basi huwa tunatania kwamba ukishukia Hollins Cross angalau wewe umeshuka kwa miguu yako. Ukitaka kuacha mwambie mfagiaji. Usipotee kimya kimya! Mwaka mmoja mtu alishuka bila kusema, watu kumi na tisa tukasimama kwenye mvua tunamwita, kumbe yuko kwenye treni anakula chipsi.

Ukishavuka Mam Tor ni bora umalize. Jina lake maana yake Mlima Mama, na ana tabia ya kumomonyoka upande mmoja, barabara kubwa iliyopita chini yake waliitengeneza wakachoka, 1979 wakaifunga moja kwa moja. Kutoka hapo njia rahisi ya kurudi ni kwenda mbele.

Ajali ikitokea?

999, omba polisi, ukipata polisi omba uokoaji wa milimani. Ukianza kwa kuomba ambulensi utazungushwa. Wanaokuja ni watu wa kujitolea, wana kazi zao na familia, na hawadai hata senti. Kabla ya kupiga andika namba za ulipo kutoka kwenye ramani. Na simu zenu zisajilini kabla ya kuja ili ziweze kutuma meseji 999, unatuma neno "register" kwenda 999 na kufuata maelekezo, kwa sababu meseji inapita mahali ambapo sauti haipiti. Majeruhi mkalisheni juu ya mabegi, sio juu ya ardhi.

Tunakutana saa ngapi na wapi?

Saa tatu asubuhi stesheni ya Edale, Jumamosi. Saa TATU ya Kiswahili, yaani saa ya kwenye simu inasoma 9. Naandika hivi kwa sababu kijana mmoja aliyezaliwa huku, Kiswahili chake cha nyumbani kizuri tu, aliona "saa tatu" akaja na treni ya mchana. Alitukuta tunarudi.

Treni kutoka Manchester Piccadilly ni kama dakika 45, kutoka Sheffield kama nusu saa na kidogo. Haziko nyingi, ukikosa moja umekosa kundi. Mnaotoka Manchester mtapita handaki la Cowburn muda mfupi kabla ya Edale, zaidi ya kilomita 3 za giza. Alasiri kabla ya kufika Brown Knoll tutakuwa tunapita juu yake, treni ziko chini ya miguu, na hapo ndo unajua kwamba umekaribia.

Mvua ikinyesha tunaahirisha?

Mvua hapana. Tukiahirisha kwa mvua hatutakimbia mpaka tufe. Tunaangalia upepo. Ijumaa saa mbili usiku kiongozi anasoma utabiri wa milimani, ule wa vileleni sio wa mjini, upepo ukitegemewa kupita kilomita 65 kwa saa au radi ikitajwa, tunabaki bondeni na kufanya njia fupi. Uamuzi wake haujadiliwi.

Mbwa? Watoto? Sigara?

Mbwa hapana, kuna kondoo. Chini ya miaka 18 hapana kwa mzunguko huu. Sigara wala jiko la gesi huko juu hapana kabisa, mboji ikishika moto inaungua chini kwa chini siku nyingi, mwaka 2018 nyika ya Saddleworth, sio mbali na hapa, iliwaka mpaka jeshi likaitwa.

Gharama ni shilingi ngapi, na kuna medali?

Bure, unalipa nauli yako tu. Medali hamna wala fulana. Jioni wengine wanaingia Old Nag's Head, baa iliyo mwanzo wa Pennine Way, njia ya miguu inayokwenda mpaka Scotland, sisi wengine tunakaa stesheni na termosi ya chai ya tangawizi ninayoiacha kwenye gari la mwenzetu asubuhi. Njoo na kikombe chako, mwaka jana watu tisa tulinywea vikombe viwili. Majina nipeni kabla ya Alhamisi jioni, na namba ya mtu wa nyumbani atakayekuwa anakusubiri.